Bustani ya watu wote, na wasichana walioiacha

Kikundi chetu cha michezo na mafunzo ya bustanini tulikianza na wasichana 24, Jumamosi ya mwanzo ya Juni. Ilipofika Jumamosi ya mwisho ya Julai, waliokuja walikuwa 7. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu muda wote huo sisi walezi tulikuwa na jibu mdomoni la kwa nini wanaondoka, tena jibu ambalo kila tuliyemwambia alilipokea kwa kuitikia kwa kichwa, na halikuwa jibu.

Kikundi chenyewe ni cha mtaa, mjini Zanzibar. Wasichana wa miaka 10 hadi 14, wengi wao wa Ng'ambo, wachache wa Mji Mkongwe. Walezi tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mwenzangu wa skuli, na binti mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, ambaye watoto walimwita Dada. Hatukuwa na sare wala ofisi. Mpango wetu tuliuiga kwa Girl Guides, ambao tangu 1910 wamekuwa wakiwagawa wasichana katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake miongoni mwao, na kuwafundisha kwa kufanya kuliko kwa kuambiwa. Tuliongeza sharti moja letu: kila kitu kifanyike nje.

Sharti hilo lilitokana na ninayoyaona kila siku. Mtoto wa kike wa mjini hutoka skuli akaenda chuoni kusoma Kurani, akitoka chuoni anaingia jikoni, na kutoka jikoni ni kulala. Kaka yake hupita njia hizo hizo, lakini yeye baina ya chuo na usiku ana uwanja. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili. Hesabu zilizotolewa 2019, zilizokusanya nchi 146, zilionesha kuwa kati ya wasichana wa miaka 11 hadi 17, asilimia 85 hawafiki hapo. Kwa wavulana ni asilimia 78. Kwa hivyo watoto wa kiume nao wamepungukiwa, sisemi hawakupungukiwa. Ila mimi niliokabidhiwa ni hawa.

Mji wetu una bahati ya bustani. Ipo Forodhani, iliyotengenezwa 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa kukalia kiti, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Vipo viwanja vya Mnazi Mmoja. Ipo Bustani ya Victoria kule Vuga, ambayo nitairudia. Tuliyoitumia sisi si mojawapo ya hizo na sitaitaja, kwa sababu ninaowalaumu ndani ya kisa hiki si wabaya, na wapo mpaka leo. Itoshe kusema ina miti mikubwa pembezoni, nyasi katikati, mabenchi ya saruji upande wa barabara, na choo kimoja upande wa pili, mkabala na mabenchi.

Jumamosi za mwanzo

Tulichagua Jumamosi, saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni. Asubuhi ya Jumamosi kuna chuo, mchana kuna jua, na walezi wawili kati yetu tulikuwa na shughuli mpaka saa 8. Wakati huo ulitufaa sisi. Msomaji aliweke hilo akilini.

Siku ya pili tulifanya somo la dira, na nalikumbuka kama jana. Mtoto akifundishwa pande nne za dunia huanziwa na jua, linachomoza huku na kuchwa kule. Sisi tuliwauliza: kibla ni upande gani? Wote wakanyoosha mkono mahala pamoja bila ya kufikiri. Tukawapa dira, sindano ikaelekea karibu huko huko. Maka iko kwenye digrii 39.8 mashariki na mji wetu uko kwenye 39.2, kwa hivyo aliye Unguja akielekea kibla huwa ameelekea kaskazini, na kupishana kwake ni kama digrii moja tu. Mtoto mmoja wa miaka 11 akasema, "Kumbe nyumbani tuna dira siku zote. Msala wa bibi!" Akikusudia mkeka wake wa kusalia. Kuanzia hapo ramani ya bustani ikawa kazi yao wenyewe. Walipima kwa hatua, wakaweka kibla juu ya karatasi, wakachora kila mti na jina lake: mikungu, mivinje, mwarobaini, mwembe mmoja mzee. Mti ambao hakuna aliyeujua jina waliuacha na alama ya kuuliza, na wiki ya pili yake mtoto akarudi na jina alilopewa na babu yake.

Walihesabu kunguru pia. Hilo lilikuwa zoezi la kukaa kimya, gumu kuliko yote. Tukawaeleza kuwa kunguru huyu wa mjini waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka, wakazaana, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Walichukia khasa. Kuna waliokwenda kutafuta ni ndege gani wengine waliobaki bustanini, wakawapata wachache, nao wakaingia kwenye ramani.

Halafu mafundo ya kamba, ambayo hapa nayapitia tu lakini yatakuja kuwa na kazi. Na mwisho wa kila siku, nage. Mchezo huu hauhitaji kuelezwa kwa watu wa Unguja na Pemba: wawili wanarushiana mpira, walio kati wanakwepa, aliyepigwa anatoka. Walicheza na mitandio yao kichwani na suruali ndefu chini ya gauni, wakakimbia kama upepo. Nasema hivi kwa sababu kila anaposikia mtu habari za watoto wa kike wa Zanzibar na michezo, jambo la kwanza analouliza ni nguo. Nguo hazikumzuia hata mmoja.

Jumamosi ya nne walikuja 17. Ya tano 13. Ya sita 9.

Jibu tulilokuwa nalo

Tulikaa walezi watatu na kwa dakika tano tu tulishakubaliana. Wazazi. Mila. Mtoto akikua kidogo nyumbani huanza kumvuta ndani. Mwalimu mwenzangu akasema haya mambo yanataka kuelimisha jamii, na mimi nikasema kweli.

Basi tukaitisha mkutano wa wazazi kwenye darasa moja la skuli. Tulimwomba ustadh mmoja, mtu mwenye heshima mtaani, azungumze juu ya afya ya mwili. Alizungumza vizuri sana, akawakumbusha kuwa kiwiliwili ni amana. Mimi nikazungumza juu ya kujiamini kwa mtoto wa kike. Wazazi walisikiliza, wakatushukuru, wakaitikia dua, wakaondoka. Hakuna aliyepinga neno. Jumamosi iliyofuata wakaja 8.

Hapo palitakiwa pazinduke mtu. Katika mkutano mzima hatukuwauliza wazazi swali hata moja. Na palikuwa na ushahidi mwengine mbele ya macho yetu, ambao naona haya kuutaja kwa jinsi ulivyokuwa mkubwa. Sikukuu ya Mfunguo Tatu ilikuwa imeangukia mwezi huo huo wa Juni. Jioni zote za sikukuu viwanja vilijaa watoto wa kike, wamevaa nguo mpya, na visenti vya mkono wa Idi, wako kwenye bembea, wako kwenye urojo na kwenye mishkaki, mpaka usiku umeingia. Wasichana wetu walikuwemo na nilipeana nao mikono. Mila ile ile, wazazi wale wale, tena usiku. Ikiwa tatizo lilikuwa ni mtoto wa kike kuonekana uwanjani, jioni zile zisingekuwepo.

Bibi barazani

Aliyelivunja jibu letu alikuwa bibi wa mtoto yule wa msala. Mtoto alikuwa hakukosa siku, kisha akakosa mbili mfululizo, nikaenda nyumbani kwao. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumdai mtoto?"

"Sikuja kudai, bibi. Nimekuja kuuliza kama mmeona vibaya akicheza."

"Nani kasema hayo? Nage mimi nimeicheza mpaka nimeolewa. Sikumkataza kucheza. Nimemkataza kuniingilia nyumbani adhana imeshalia. Nyinyi mnawaachia saa 12. Kutoka huko mpaka hapa ataruka?"

Nilirudi nikapiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeipiga. Jua la Juni hapa kwetu huchwa kiasi cha saa 12 na robo. Kutoka bustanini hadi nyumba za mbali za wasichana wetu, kwa miguu, ukivuka barabara kuu yenye gari za saa za kufunga kazi, ni nusu saa. Tulikuwa tunawaachia watoto wa miaka 10 wafike kwao na kiza kimeshatanda, dakika kumi na tano baada ya Magharibi, na kisha tunawahutubia wazazi juu ya umuhimu wa mazoezi. Siku za sikukuu mtoto hurudi usiku kwa sababu mama, shangazi na majirani wanarudi njia hiyo hiyo. Jumamosi ya kawaida anarudi peke yake.

Nilidhani kisa kimekwisha hapo. Tukapunguza dakika arubaini, tukaacha kumalizia saa 12, tukaanza kuwaachia saa 11 na dakika 20. Wawili wadogo wakarudi. Mmoja wa wakubwa akaondoka.

Daftari

Dada ndiye aliyelifungua daftari la mahudhurio akalisoma vyengine. Mimi nilikuwa nikihesabu jumla: 17, 13, 9. Yeye alifuata jina moja moja kwa penseli. Akaona kuwa wadogo wa miaka 10 na 11 waliondoka kwa mkupuo, wiki moja au mbili, nao ni wale wa nyumba za mbali. Wakubwa wa miaka 12 kwenda juu walikuwa na mwendo mwengine: hukosa Jumamosi moja, hurudi, hukaa wiki tatu, hukosa tena, halafu ndiyo basi. Alinionesha majina sita. Hakunieleza kitu, alinitazama tu, nami nikafahamu.

Yeye ndiye aliyewaendea, kwa sababu mimi ni mwalimu na kwa mwalimu kuna mambo hayasemwi. Aliporudi, jambo la kwanza aliloniambia halikuwa juu ya siku za mwezi. Mmoja wao alimwambia, "Dada, mimi Jumamosi sinywi maji." Toka asubuhi. Wengine walipolisikia hilo wakasema na wao vile vile. Watoto wanakimbia kwenye jua la alasiri na tangu chai ya asubuhi hawakutia maji mdomoni, ili wasije wakahitaji kwenda choo cha bustani.

Tulikwenda kukitazama. Naungama kuwa kwa wiki zote zile sikuwahi kuingia. Kulikuwa na milango miwili ya ndani, na hakuna hata mmoja wenye komeo. Mhudumu ni mwanamme, mzee mstaarabu, anakaa mlangoni kabisa. Ndoo ya maji ipo, pahala pa kutupa kitu hapapo. Mtoto aliye katika siku zake hawezi kukaa huko saa mbili, na aliyekaribia hawezi kubahatisha.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni njia ya kufikia choo hicho, na hapa inabidi nieleze habari ya mpira.

Baada ya sala ya alasiri vijana wa mitaa ya karibu huja kucheza mpira pale katikati. Wamefanya hivyo miaka na miaka. Hawakutufukuza hata siku moja. Mpira ulipotuangukia walikuja mmoja mmoja: "Samahani, Mwalimu, tunaomba mpira wetu." Adabu kamili. Ila uwanja wa mpira una tabia ya kumeza ardhi. Nage inataka hatua kumi na mbili, hata chini ya mti. Mpira unataka uwanja wote, na mahala isipofika miguu, unafika mpira wenyewe. Jumamosi ya kwanza tulikuwa kwenye nyasi. Ya pili tulisogea kwenye miti. Ya tatu, kwa kuogopa mpira usimpige mdogo usoni, tukasogea tena upande wa barabara. Hakuna aliyeamua. Tulisukumwa kidogo kidogo na mpira unaotuangukia.

Na upande wa barabara ndiko kwenye mabenchi. Kwenye mabenchi kuna wanaume wanaopunga upepo, na kuna wageni wanaopita na kamera. Wageni waliwapiga picha wasichana wetu wakicheza, wengine kwa tabasamu na mkono wa kuaga, kama waliopiga picha ya machweo. Kijana mmoja wa mtaani naye akapiga yake, akaiweka kwenye WhatsApp, na baba wa mmoja wa watoto akaiona kwenye simu ya mtu kazini kwake. Mtoto huyo hakurudi tena. Na choo kiko upande wa pili, kwa hivyo msichana akitaka kwenda lazima akatize uwanja wa mpira mzima, mbele ya vijana ishirini na mbili na watazamaji wao, kila mtu akijua anakwenda wapi.

Ukiyapanga hayo yote pamoja utaona ni kamba moja. Mpira ulitusogeza ukingoni, ukingoni kukatuweka mbele ya macho, na umbali kutoka ukingoni hadi chooni ukawafanya watoto wasinywe maji. Kila mzazi alikuwa na sababu yake, ya kweli, na kila mmoja alikuwa ameitatua kwa njia rahisi aliyonayo, nayo ni kumbakisha mtoto nyumbani. Sisi tukayaona matokeo tukayapa jina la mila.

Kwengine walikopitia haya

Mji wa Vienna, Austria, ulikutana na jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990. Utafiti uliofanyika huko 1996 na 1997 uligundua kuwa wasichana walipungua sana katika bustani za umma wakishapita miaka 9, na wavulana hawakupungua. Huko hakuna Magharibi ya kuwahi wala mtandio wa kulaumiwa. Palipokuwa na mashindano ya nafasi, wavulana walishinda, na wasichana hawakugombana, waliondoka. Mwaka 1999 mji ukaanza kuzitengeneza upya bustani mbili za wilaya yake ya 5: zikaongezwa njia za kupita, viwanja vya voliboli na vya badminton, na eneo kubwa la wazi likakatwa kwa mimea na vilima vidogo likawa vipande kadhaa. Baada ya hapo makundi mbalimbali ya watu yakaanza kuzitumia bila ya moja kulifukuza jengine.

Nilipoisoma habari hii nilifarijika na nikahuzunika. Nilifarijika kuwa watoto wangu hawana kasoro. Nilihuzunika kwa sababu jibu hili mwenzetu alishalipata robo karne nyuma, nasi tulikuwa bado tunaitisha mikutano.

Ipo rai nyengine, ya hapa hapa, na walioitoa ni watu ninaowaheshimu. Walisema: wapeleke ndani ya uwanja wa skuli, kuna ukuta, kuna choo, yamekwisha. Nimeifikiri sana rai hiyo, na kila nikiifikiri naikumbuka Bustani ya Victoria. Ilianza kama bustani ya wanawake wa nyumba ya Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na jengo lililo katikati yake lilijengwa juu ya hamamu yao. Mwaka 1899 Sultan Hamoud akaitoa kwa umma. Kwa hivyo mji huu umewahi kuwa na bustani ya wanawake, yenye miti na maji na faragha, na hapana wa nje aliyeiona. Sitaki kuwarudisha huko. Mtoto anayecheza ndani ya ukuta anapata mazoezi, sawa. Hapati kuujua mti wa njiani kwa jina, wala kuzoea kuwa barabara hii na benchi lile ni vyake pia. Nilikataa ukuta. Baadaye nimeona kuwa kwa watoto sita nilikosea kukataa, na hilo nitalisema.

Saa iliyoandikwa

Tulianza upya Agosti. Tulihama jioni tukaenda Jumapili asubuhi, saa 1 hadi saa 3 na nusu. Jumapili chuo cha kwao ni baada ya adhuhuri, skuli hakuna, jua la saa 1 ni la huruma, na mtoto anarudi nyumbani na mchana mzima mbele yake. Mpira asubuhi hiyo haupo. Wapo wazee wanaotembea kwa ajili ya sukari na presha, na kipo kikundi cha mazoezi cha akina mama na akina baba, wamevaa fulana za rangi moja. Hao akina mama wametusaidia kuliko barua yoyote. Wao wako pale kila Jumapili, wanajulikana mitaani, na mzazi akisikia kuwa fulani yupo, moyo unatua.

Hata hivyo barua tuliitaka. Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, akatuandikia na kugonga muhuri, tukaipeleka kwenye ofisi inayohusika na bustani. Bwana tuliyemkuta alitupokea vyema, akaisoma, akaturudishia. "Bibi, hii haina haja. Bustani ni ya watu wote, njooni wakati wowote." Alikuwa anatufanyia wema na sina shaka nalo. Nikamwambia, "Bwana, watu wote wanaotushinda nguvu tumeshawaona. Sisi tunataka saa iandikwe." Hakunifahamu siku hiyo. Mara ya tatu tulikwenda na ramani ya wasichana, ile ya hatua na kibla, tukamchorea kwa penseli mpira unapoenea, mabenchi yalipo, na njia ya chooni. Aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza nani aliyeichora, nikamwambia ni watoto wa miaka 11. Barua tuliyopewa ni ya aya moja: Jumapili, saa 1 hadi saa 4, eneo la chini ya mikungu upande wa choo.

Ile barua naithamini kwa sababu moja. Uwanja unaoitwa wa watu wote hauko mtupu. Una saa zake na wenyewe, ila hawakuandikwa popote. Vijana wa mpira wanayo alasiri kwa sababu kaka zao walikuwa nayo. Anayekuja leo, mdogo, wa kike, bila ya kaka wa kumrithi, anakuta kila saa ina mtu na hakuna pa kuuliza. Kumwambia aje wakati wowote ni kumwambia agombee.

Upande wa choo tuliuchagua kwa makusudi, ili hapana wa kukatiza. Makomeo mawili tulinunua wenyewe tukayafunga kwa ruhusa ya mhudumu. Jumapili yeye hufika saa 3, kwa hivyo akatuachia ufunguo, na ufunguo ukakaa kwa bibi mmoja anayeishi nyumba ya mbele, ng'ambo ya barabara. Kindoo chenye kifuniko na sabuni vinakaa kwake pia. Na mafundo ya kamba yakapata kazi: kila Jumapili wasichana hufunga kamba kutoka mkungu hadi mkungu, wakatundika kanga upande wa barabara. Upepo unapita, mwanga unapita, kamera haipiti. Mlezi mmoja husimama hapo, na kazi yake yote asubuhi hiyo ni kusema kwa upole, "Tafadhali, hawa hawapigwi picha." Wageni wengi huomba radhi na kuteremsha kamera. Walikuwa hawakuwahi kuambiwa.

Jumapili ya kwanza walikuja 11. Mwezi wa Oktoba walikuwa 19, na watatu kati yao ni wapya. Kwa hivyo katika wale 24, waliorudi ni 16. Wawili walihama mtaa. Waliobaki sita ni wale wa penseli ya Dada, wa miaka 13 na 14. Tuliwafuata, tukawaeleza habari ya choo, habari ya kanga. Mmoja alinijibu kwa adabu sana, "Mwalimu, sasa nimeshazoea kukaa." Sijalisahau neno hilo na sitegemei kulisahau. Hao walikuwa na haki ya kupewa uwanja wa skuli, wa ukuta, kwa miezi miwili mitatu, mpaka tutengeneze kwengine. Mimi nilikuwa nikitetea fikra, na wao walikuwa wakihitaji pahala wiki ile ile. Kwa kikundi kingine kitakachoanza, nasema waanze na vyote viwili.

Mengine bado. Vuli ilipoingia Jumapili nne zilikwenda na mvua na hatukuwa na pa kujibanza. Ramadhani tulisimama. Barua yetu ina jina la kikundi chetu, haina jina la wasichana wa mji huu, na kikundi chengine kikija kitaanza kwa sheha upya. Ramani sasa iko toleo la tatu, na mti wenye alama ya kuuliza hauna tena alama.

Bibi mwenye ufunguo ametuambia kuwa mwezi ujao anakwenda Wete, Pemba, kwa binti yake anayejifungua, na atakaa naye siku zote 40. Tumepeleka barua nyengine kuomba mhudumu wa Jumapili aanze saa 1, na ikiwezekana awe mwanamke. Haijajibiwa. Mpaka ijibiwe ufunguo utakaa kwangu, nami Jumapili nitatoka nyumbani saa 12 za asubuhi nikafungue mlango kabla hajafika mtoto wa kwanza.